Manjano na ukimya wa mama
Tangu mama yangu agundulike kuwa na kisukari cha aina ya pili, nilifuatilia vipimo vya sukari tu, bila kutambua kwamba ukimya wake, usingizi uliokatika na chakula alichokiacha sahanini vilikuwa dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), ambayo huwapata wenye kisukari takribani mara mbili zaidi ya watu wengine. Niliposoma kwamba kukumini, kiambata kilichomo kwenye bizari ya manjano, imepunguza dalili zinazofanana na sonona kwa panya wenye kisukari, nilipata matumaini makubwa mno. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mwili hufyonza kukumini kwa shida, ingawa pilipili manga husaidia, na kwamba ushahidi kwa binadamu bado ni mdogo. Mchuzi wa manjano tunaupika; dawa na ushauri nasaha hatujaviacha, na juzi mama aliomba aongezewe wali.