Kumi na nne ya nani?

Nikahi ya Rukia imepita salama, wageni wa Lamu wamesharudi kwao, ofisini tumehamishiwa jengo jipya. Yote ni ya wiki hii, lakini kilichonikaa moyoni ni swali la Ami.

Mwaijua ile karatasi ninayoibandika kwenye ubao wa maktaba kila mwezi, ya matukio yaliyoangukia tarehe moja. Ya Aprili ilikuwa na matatu, yote ya tarehe 14: Vasco da Gama kutia nanga hapa Malindi mwaka 1498, Rais Lincoln kupigwa risasi Washington mwaka 1865, na meli ya Titanic kugonga mwamba wa barafu mwaka 1912. Ami akasomewa barazani, akanigeukia mbele ya watu.

"Kumi na nne ya nani, mwanangu?"

"Ya Aprili, Ami."

"Mwezi nimeusikia. Nakuuliza, ya nani?"

Watu wakacheka. Muadhini akaadhini Isha, Ami akainuka akenda zake msikitini, na mimi nikabaki na jibu kooni. "Ya nani?" Usiku kucha nalisikia. Lililoniuma si swali, ni kile kicheko. Maana swali lina jibu, na jibu ni refu.

Kumi na nne ya Vasco da Gama ni ya kalenda ya Julius Caesar. Kalenda hiyo iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo kamili, hali mwaka wa jua umepungua hapo kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo zikilimbikizana kwa miaka 128 hutimia siku nzima. Ndipo Papa Gregory wa 13 akakata siku kumi: Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Waingereza waligoma hadi 1752, kwao tarehe 2 Septemba ikafuatwa na 14. Warusi walichelewa zaidi, na kwa sababu hiyo mapinduzi yao ya 25 Oktoba 1917 huadhimishwa 7 Novemba.

Mwenye kutaka kulinganisha aongeze siku, lakini asiongeze kumi kila mahali. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, wakishikilia zile kumi za 1582. Kuanzia Machi 1500 hadi Februari 1700 ni kumi kweli. Karne ya 18 ni 11, ya 19 ni 12, na tangu Machi 1900 ni 13. Kuanzia Machi 1400 hadi Februari 1500 ni tisa, kwa kuwa mwaka 1500 ulikuwa mrefu kwa kalenda ya Caesar na mfupi kwa ya Gregory. Miaka ya mwisho wa karne haipewi siku ya 29 Februari isipogawanyika kwa 400. Kwa hiyo Malindi ya 14 Aprili 1498 ni 23 Aprili ya leo. Lincoln na Titanic wote ni wa kalenda mpya, hawaguswi. Mmoja kati ya watatu amekwisha toka.

Hapo nilikuwa bado nimenuna. Kisha nikazitazama saa, nikasahau kununa.

Shajara ya safari ile ya Wareno inasema walitia nanga jua likizama, siku ya Jumamosi, mkesha wa Pasaka yao. Jua likizama! Kwetu siku inapinduka hapo hapo. Kwa hesabu ya jedwali la Hijria ilikuwa 21 Shaaban 903. Nanga ilipogusa mchanga, waliosimama ufuoni walikuwa wanaingia 22, usiku wa Jumapili. Lincoln alipigwa saa nne na robo hivi usiku, Ijumaa Kuu. Kwa Ami huo ni usiku wa Jumamosi. Titanic iligonga saa tano na dakika 40 usiku, Jumapili kwa hesabu ya wenyewe, lakini kwa hesabu ya Ami Jumatatu imeshaingia. Wote watatu jua lilikuwa limewatua, wote wamehamia siku ya pili.

Na kuna jingine. Lincoln anapigwa risasi kule, hapa Malindi jua ndiyo kwanza linachomoza, tarehe 15. Titanic inagonga, hapa ni alfajiri, tarehe 15. Mtu wa Malindi hakuwa katika tarehe 14 kwa lolote kati ya hayo mawili. Ami amepiga bahari umri wake wote, anahesabu miongo ya Nairuzi, ule mwaka wa jua wa mabaharia, siku kumi kumi, anajua mwezi mwandamo na anajua kalenda ya ukutani. Mtu mwenye hesabu tatu kichwani lazima aulize ya nani. Nimefurahi mno, nataka asubuhi ifike nimpelekee karatasi mpya, yenye safu tatu kwa kila tukio: tarehe ya wenyewe, tarehe ya leo, na tarehe ya hapa na saa yake.

Sikusudii kuziweka humo tarehe zilizochaguliwa. Uhuru wa Kenya ni 12 Desemba 1963 na Jamhuri ni 12 Desemba 1964, lakini hizo hazikugongana, watu walikaa wakapanga. Adams na Jefferson ndio mgongano hasa: marais wawili wa Marekani, wote walitia saini tangazo la uhuru, wote wakafa 4 Julai 1826, mwaka wa 50 wa tangazo lenyewe.

Kisima cha nyuma kimeanza chumvi. Siku za harusi pampu ilivuta toka asubuhi hadi usiku, na visima vya karibu na bahari vikivutwa hivyo maji matamu ya juu huisha, ya chumvi yakapanda. Nimeizima pampu, tunateka kwa ndoo kidogo kidogo, lakini chai ya leo jioni Mama ameionja akaiweka chini. Masika haijashika bado.