Mama kageuka manjano

Jamani, leo nimechelewa kazini na wala sijutii.

Asubuhi naenda kuwasha taa ya tangi la samaki hapa South B, Nairobi (stima ndiyo kwanza ilikuwa imerudi), namkuta jike wangu wa Apistogramma cacatuoides, aina ya samaki wadogo wa mapambo, nje ya kifuu cha nazi.

Manjano! Manjano ya bizari kabisa, na weusi umekolea.

Siku zote ni kijivujivu tu, hana makuu. Jike wa aina hii hugeuka hivyo akilinda mayai au watoto. Nikasogeza uso.

Mchanga chini yake ulikuwa unatembea.

Vifaranga!

Kivuli changu kilipomfikia, akatikisa mwili ghafla. Wote wakashuka mchangani, tuli. Sikuona hata mmoja. Samaki wa sentimita 5 hivi, asili yake huko Amazon, katoa amri na watoto wametii! Wangu hapa nyumbani mpaka nipaze sauti.

Dume, ambaye ni mkubwa kumliko, kafukuzwa hadi nyuma ya chujio.

Maji yetu ya bwawa la Ndakaini ni laini (yana madini machache), naamini yamesaidia. Pia naweka majani makavu ya mti wa mkungu, shangazi huniletea kutoka Mombasa. Maji huwa ya kahawia, na jirani anadhani sisafishi tangi. Mwacheni.

Sasa natotoa artemia, vijiduvi vidogo vya kuwalisha, kwenye chupa ya soda, maana midomo yao ni midogo mno.

Wafugaji wenzangu, dume nimtoe au nimwache? Nyinyi hufanyaje?