Mzamivu asiyejua kuzamia

Jumamosi usiku, Jambiani

Shangazi kanicheka tena leo. Tangu nimwambie kwamba shahada ninayoisomea inaitwa ya uzamivu, sina amani. "Mzamivu gani weye, maji ya magoti tu ushainua khanga!" Wenzake wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao, maana nimekulia mjini na kuogelea sijui kweli.

Nimekuja wiki mbili kumalizia sura ya tatu ya tasnifu. Inahusu namna ubongo unavyojifunza kuvitambua vitu: vipi kikombe kinabaki kuwa kikombe ukikitazama kwa juu, kwa ubavuni, gizani, au nusu yake ikiwa imefichwa na birika. Mpaka leo sijaandika hata ukurasa. Bamvua limeingia, yaani siku za maji kujaa na kutoka kwa wingi, na bamvua likiingia huku wanawake hawakai nyumbani, huenda kuchokoa pweza.

Maji yakikupwa hapa hutoka mbali mno, unakwenda kwa miguu mpaka mwambani. Shangazi hutangulia na chuma chake mkononi. Haangalii chini kama mtu aliyepoteza pete. Anapita tu, kama anayepita sokoni bila nia ya kununua. Mara anasimama. "Yumo." Mie naona jiwe. Anachokoa kidogo, na jiwe linatoa mkono.

Nikamuuliza kajuaje.

"Si unamuona?"

Namuona wapi! Akaniinamisha, akanionyesha: vigamba vya kaa vimetupwa nje ya tundu, vijiwe vimesogezwa mlangoni, na mchanga wa hapo uko safi kuliko wa pembeni. Nikafurahi, nikadhani nimepata siri. Nikamuuliza, kwa hiyo huwa anatafuta vigamba kwanza? Akafikiri, akasema hapana. Yeye humuona pweza tu. Hayo ya vigamba kayawaza sasa hivi kwa sababu nimemuuliza.

Hiyo ndiyo tabu ya kazi yangu. Anayejua hawezi kukwambia anajuaje, ndiyo maana watu wakaenda kuuliza ndani ya ubongo wenyewe. Tulipokaa kupumzika nikamsimulia habari ya Hubel na Wiesel, waliosikiliza seli moja moja za ubongo wa paka kule Marekani. Walikuwa wakimuonyesha paka vidoa kwenye vipande vya kioo, seli kimya. Ikatokea siku wanachomeka kioo kwenye mashine, ukingo wake ukatupa kivuli cha mstari, na seli ikaanza kupiga kelele kama bunduki. Ile seli haikutaka doa, ilitaka mstari uliolala upande fulani. Wakaandika hayo mwaka 1959, na 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel.

"Yote hayo kwa mstari?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na pweza je?"

Msimamizi wangu hajawahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Pweza hana mstari wa kudumu. Huyu wa leo alitoka tunduni akiwa na rangi ya mwamba, mkononi mwa shangazi akapauka mpaka akakaribia weupe, kisha akaiva wekundu na ngozi ikamtoka vipele. Nani aliliambia jicho langu kwamba wote watatu ni mmoja?

Jibu ninalolipenda ni la watafiti Nuo Li na James DiCarlo, la mwaka 2008. Ubongo hukisia kwamba vinavyofuatana upesi machoni ni kitu kimoja. Waliwawekea kima picha kwenye skrini, na kila jicho lilipoirukia picha iliyoko sehemu fulani, wakaibadilisha kuwa ya kitu kingine kabla jicho halijafika. Baada ya saa moja au mbili tu, seli za ubongo wa pembeni, usawa wa sikio, zikaanza kuchanganya vitu viwili, lakini pale tu palipochezewa. Hakuna aliyewafundisha wala kuwasahihisha. Muda wenyewe ndio uliokuwa mwalimu, na ndivyo ninavyofikiri shangazi alivyofundishwa: kwa kumwangalia pweza akigeuka rangi mkononi mwake tangu yuko mtoto. Ile programu maarufu ya kompyuta ya mwaka 2012, AlexNet, iliyoanza kutambua picha vizuri ilihitaji picha milioni 1.2, kila moja ishaandikwa jina lake na binadamu. (Shangazi kaona pweza wengi, lakini milioni, wallahi, hapana.)

Leo, siku ya tatu, nilisimama mwenyewe kabla yake. Vigamba, vijiwe, mchanga uliofagiliwa. Moyo ukanidunda. "Yumo!" Shangazi akaja, akatazama, hata chuma hakuingiza.

"Huyu nilimtoa juzi mwanangu, na weye umesimama hapo hapo. Nyumba umeijua, mwenyewe bado."

Nilirudi nikicheka peke yangu, kwa sababu kosa hilo nimeliandika katika sura ya pili nikiilaumu mashine. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Caltech, California, walieleza kwamba programu inayomjua ng'ombe malishoni hushindwa kumtambua akiwa ufukweni; ilichokariri ni majani ya nyuma yake. Wakati nawaza hayo, ng'ombe watatu wa jirani walikuwa wamelala mchangani mbele yangu, wanacheua, karibu na ngalawa. Nikawapiga picha nimpelekee msimamizi.

Mchuzi wa nazi umeshaiva, shangazi ananiita. Sura ya tatu iko pale pale. Kesho maji yanatoka saa tano kasorobo.