Madeni ya mama tuliyaandika kwenye kauntabuku

Aliyenishtua ni jirani. Mwezi wa nane 2023, Nane Nane imeisha kama wiki hivi, akanipigia simu Dodoma akasema mwanangu njoo umwone mama yako, siku hizi alfajiri giza bado keshatoka na usiku anaingilia mlango wa nyuma, kuna vijana wa pikipiki wanamkalia hapa nje. Mi sikuhitaji kuelezwa zaidi, nikajua ni marejesho ya mikopo.

Mama ni mama lishe, anapika jirani na stendi ya Msamvu pale Morogoro, asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage na ugali dagaa. Kazi hiyo ndo imenisomesha mimi na mdogo wangu, ndo maana nikisikia mtu anasema wanawake wanaokopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ni tamaa ya madera na kucheza mchezo naumia kweli, maana mama yangu sijawahi kumuona na dera jipya mwaka mzima na alikuwa anadaiwa na watu sita.

Nilifika Jumamosi jioni. Mama akanipokea vizuri, akapika, na nilipouliza akasema hamna kitu mama, vitu vidogo tu, we kula. Sikubishana nae. Tumemaliza kula, mdogo wangu, ambae anaendesha boda, akanyanyuka kimya akaingia chumbani kwa mama akatoka na mfuko wa rambo, akaumwaga juu ya meza. Ni kadi za marejesho. Kama hujawahi kuziona, ni vikaratasi vya manila vimechorwa vyumba kwa rula, kila chumba tarehe, kiasi na saini ya anaekusanya. Ile ya kwanza niliyoishika ilikuwa na doa la mafuta ya chapati kona nzima, na 13,000 imeandikwa inashuka chini, 13,000, 13,000, 13,000, saini ile ile ya haraka haraka, af ghafla vyumba vitupu. Mama akaangalia pembeni. Nikamwambia mama hapa hakuna wa kukugombeza, tunataka kujua tu ni kiasi gani.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa hesabu kwa hiyo kuandika namba ndo kitu ninachokijua. Nikachukua kauntabuku la mdogo wangu la zamani, nikachana kurasa alizoandika, nikapiga mistari, nikaanza: nani anadai, ulichukua ngapi, unatakiwa urudishe ngapi, imebaki ngapi, na ukikosa anafanya nini. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko watu wanavyodhani, nitaieleza.

Kausha damu wa kwanza alichukua laki tatu, arudishe 390,000 kwa siku thelathini, elfu 13 kila siku, imebaki 182,000. Wa pili laki mbili, arudishe 260,000 kwa elfu kumi kila siku, imebaki 150,000. Mkopo wa kikundi, ule wa kampuni mnadhaminiana wanawake, milioni moja, marejesho elfu 50 kila Jumatano, imebaki 550,000. VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, 240,000 na riba yake humo humo. Mangi wa dukani, mchele na mafuta ya kupikia, 86,000. Na mkopo wa simu 45,000. Jumla 1,253,000.

Mama aliposikia hiyo jumla akashika mdomo. Hakuwahi kuijumlisha. Alikuwa anaogopa kuijumlisha, akaniambia hivyo mwenyewe, kwamba kila siku alikuwa anawaza ya leo tu, ikifika saa tisa anajiuliza leo namlipa nani.

Kumbe hata jumla sio iliyonishtua zaidi, iliyonishtua ni hesabu ya siku. Elfu 13 jumlisha elfu kumi, jumlisha ile hamsini ya wiki ukiigawa kwa siku ni kama elfu saba, unaona unatakiwa utoe elfu thelathini kila siku ya Mungu. Nikamuuliza mama ukitoa mkaa, mchele, mafuta, yule dada anaekusaidia kuosha vyombo, ushuru, inabaki ngapi? Akasema siku nzuri elfu ishirini, kawaida kumi na nane. Basi. Hata angeamka saa nane za usiku, hata asingekula, kila jioni anapungukiwa elfu kumi na zaidi, na hiyo pengo ndo ilikuwa inazibwa kwa kukopa huku kulipa kule. Nikamgeuzia daftari nikamuonyesha kwa kidole nikamwambia mama wewe sio mvivu na hujashindwa biashara, hii hesabu hakuna binadamu anaeiweza. Alilia. Nadhani alikuwa miezi mingi anajilaumu kwamba siku hizi hana juhudi.

Na hii ya kausha damu naomba niielezee kidogo maana watu wanasikia asilimia thelathini wanaona ni kubwa ila inavumilika. Kwanza ukienda kuchukua laki tatu unakatwa hela ya fomu, mama alitoka na 285,000 mkononi. Pili unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo hiyo laki tatu hukai nayo mwezi, ukifika katikati ya mwezi zaidi ya nusu umesharudisha lakini riba umelipa ya hela yote. Wakati Benki Kuu, BoT, ilishaweka ukomo kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, yani wale wasiopokea amana, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. 3.5! Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila anaekopesha kama biashara awe na leseni. Mama hakuwa anajua hata kimoja kati ya hivyo, na wenzie pale Msamvu hawajui.

Ilianzaje? Kile kikundi alikopa kukuza biashara na kilikuwa kinaenda vizuri. VICOBA ilikuwa godoro, tranka na mahitaji ya bweni ya binamu yetu tunaemlea. Af Nane Nane ikakaribia, watu wa Kanda ya Mashariki wanajaa Morogoro, akachukua laki tatu anunue mzigo akapike kule uwanjani, akapata sehemu mbaya pembeni, siku mbili chakula kikamwagwa, na kwa kausha damu wa pili akakopa ili amlipe wa kwanza. Ndo hivyo tu, hakuna starehe hapo.

Sasa ile kolamu ya mwisho, akikosa nini kinatokea. Kwenye kikundi akikosa wanafungiwa wote, yani mkutano hauishi, wanawake kumi na kitu wanakaa pale hawaendi kwenye biashara zao mpaka hamsini ya mama ipatikane, wiki iliyopita walikaa mpaka saa nane mchana. Hilo deni haligusiki, linalipwa kamili kila Jumatano, kwa sababu wanaoumia ni wenzie maskini kama yeye. Mkopo wa simu akikosa unajikata wenyewe, kila mteja akilipa chakula kwa simu hela inamezwa, mama alishaanza kuwakatalia wateja wanaotaka kulipa kwa simu na wengine wakahamia meza ya pili. Hiyo 45,000 nikailipa usiku ule ule. VICOBA wao wanavunja, yani wanagawana hela, mwezi wa kumi na mbili na mama ana hisa zake mle. Mangi ananung'unika tu. Na kausha damu, huyo ana karatasi yenye orodha ya vitu vya ndani mama alivyosaini kama dhamana: TV, friji, kabati la vyombo, mitungi ya gesi na sufuria zote za biashara.

Tukapanga. Mama atoe elfu kumi kwa siku, siku sita, ni elfu sitini kwa wiki, inayobaki ni kodi na matumizi ya nyumbani. Mdogo wangu elfu mbili kwa siku, kumi na mbili kwa wiki. Mi natuma elfu 25 kila Ijumaa. Jumla 97,000. Kikundi 50,000, kausha damu wa kwanza 20,000, wa pili 15,000, Mangi 5,000. Elfu saba zinabaki za dharura anatunza mdogo wangu. Na sharti moja, hakuna mkopo mpya, hata wa elfu tano, mpaka daftari liishe.

Mama akauliza, na wakikataa? Nikamwambia tunawafuata sisi kabla hawajatufuata wao.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini. Tulianza kwa mama mwenyekiti wa VICOBA, shkamoo marahaba, tukamwonyesha daftari, tukaomba lile deni likatwe kwenye hisa wakati wa kuvunja. Akasema atalipeleka kwa wenzie ila yeye haoni shida, na akasema kitu kilichonigusa, mbona ulijificha sisi dada yangu, tungekuchangia. Mangi nae alipoona elfu tano yake ya kwanza mkononi na imeandikwa akasema we mama lipa taratibu, chukua na mchele wa kesho. Mama akaukataa ule mchele. Nilijivunia sana hapo.

Kwa kausha damu hatukwenda wenyewe. Tulipita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, tukamwelezea mtendaji, akawaita wote wawili kwa simu. Wa pili alikuwa mzee mstaarabu akakubali hata soda haijaisha. Huyu wa kwanza alikuja na kijana wake wa pikipiki, kavaa miwani, anaongea kwa sauti, anataka 182,000 pamoja na faini elfu tatu kwa kila siku iliyochelewa, la sivyo anapakia vitu leo. Mtendaji akamsikiliza mpaka mwisho af akamuuliza kwa upole tu, ndugu, leseni yako ya kukopesha naomba niione. Jamaa akatoa leseni ya duka la nguo. Mtendaji akaiangalia, akaiweka mezani, akasema haya, sasa tuongee vizuri.

Mama ndo akaongea, sio mimi. Alikaa wima kabisa, khanga kaifunga vizuri, akasema, "Baba, deni nalikubali, ni langu, na nitalilipa lote. Ila nitalipa elfu ishirini kila Jumamosi, na sufuria zangu huchukui, ukichukua sufuria nitakulipa na nini?" Kimya. Yule bwana akajaribu kupandisha hadi thelathini, mama akafungua kauntabuku akamwonyesha hamsini ya kikundi, kumi na tano ya mwenzie, tano ya Mangi, akamwambia nionyeshe wewe hiyo kumi naitoa wapi. Akakubali. Faini zikafutwa, mtendaji akaandika makubaliano nakala tatu, saini, dole gumba la shahidi, muhuri. Nakala ya mama tukaiweka humo humo kwenye daftari.

Haikwenda kama maji. Mwezi wa tisa pikipiki ya mdogo wangu iliua injini na ile akiba ya elfu saba saba ikaisha yote, wiki hiyo hatukufikisha. Mama akamfuata kausha damu Ijumaa, siku moja kabla, akamwambia kesho nina elfu nane tu, nyingine wiki ijayo, na wiki iliyofuata akaimalizia. Hakuja mtu wa pikipiki. Yani yule yule aliyekuwa anatishia kupakia friji akawa anaanza kumsalimia shkamoo mama akipita Msamvu. Mi naamini biashara yao inalishwa na aibu ya watu, unajificha, wanapandisha faini, unakopa kwingine ili usionekane, na wao wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Mwaka uliofuata, Novemba 2024, BoT ikatangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Nilifurahi, ile ya kupigia simu ndugu na mabosi wa mtu kumdhalilisha ilikuwa imezidi. Ila nikawaza hawa wa kadi za manila wanaopita mtaani na pikipiki nani atawahesabu.

Turudi kwa mama: kausha damu wote wawili waliisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja ule ule wa 2023, kikundi kikaisha mwezi huo huo, afisa mikopo akambembeleza mama achukue milioni na nusu kwa kuwa sasa ana rekodi nzuri, mama akamwambia asante baba, napumzika. Desemba VICOBA wakavunja, hisa na faida yake ikawa 372,000, wakakata 240,000 akapewa 132,000 mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa Mangi kumalizia elfu 11 iliyobaki, akalipa kodi ya miezi miwili, na mdogo wangu akaambiwa ile elfu mbili ya kila siku aendelee kuitoa, ila sasa aiweke mwenyewe kwa ajili ya pikipiki yake.