Taa ya Formentor

Jamani leo nimefika Cap de Formentor, ncha ya kaskazini kabisa ya Mallorca, kisiwa cha Uhispania, na bado miguu inatetemeka.

Barabara yenyewe imejikunja kama nyoka, mbuzi wanakatiza wanavyotaka, halafu ghafla huo hapo, mnara mweupe juu ya jabali, taa yake iko mita 210 juu ya bahari!! Umewashwa tangu 1863, na enzi hizo barabara hii haikuwepo.

Tumekaa mpaka giza likaingia.

Taa ikawaka kimya kimya tu, mwanga ukapita juu ya vichwa vyetu ukaenda zake baharini, na huko mbali kulikuwa na kijimashua kimoja, nikawaza aliyemo ndani anauona huu huu ninaouona mimi, machozi yakanilenga.

Nyie mshawahi kukaa chini ya mnara wa taa usiku? Wapi? Mlijisikiaje?