Shilingi 1,500 ya nini? Kanzidata ya bei za dawa inaanzia kwenye kaunta ya Kasulu

Mteja anaingia duka la dawa muhimu pale Kasulu mjini, mkoani Kigoma, anaulizia dawa mseto ya malaria. Mtoa dawa hataji kidonge wala miligramu. Anataja dozi: tuseme "elfu moja na mia tano". Pakiti inawekwa kwenye kaunta, hela inatoka, biashara imekwisha. Kwa mgonjwa hilo linatosha. Kwa anayekusanya bei ili ziingie kwenye kanzidata ya taifa, yaani hifadhi ya pamoja ya taarifa za bei za dawa, hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu 1,500 peke yake haijasema kitu.

Ziangalie pakiti zenyewe kwa karibu. Moja ina vidonge 6, kila kidonge miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine (mseto unaoitwa ALu kwa kifupi). Hiyo ni dozi kamili ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15. Pembeni yake kuna nyingine, nayo ina vidonge 6, lakini kila kimoja kina 80 na 480. Hiyo ni dozi ya mtu mzima wa kilo 35 na zaidi. Kisha kuna ile ya siku zote ya vidonge 24 vya 20 na 120, ambayo nayo ni ya mtu mzima. Mkusanyaji akiandika "ALu, pakiti ya 6" amechanganya dawa ya mtoto wa miaka miwili na ya baba yake. Mwisho wa mwezi grafu itaonyesha bei Kigoma imepanda mara kadhaa ndani ya wiki nne, na kumbe hakuna kilichopanda.

Ndiyo maana naamini mjadala wa seva, skrini na ramani za rangi usubiri. Kinachobeba au kuangusha mfumo huu ni mstari mmoja wa taarifa. Mstari huo unatakiwa uwe na jina la kitaalamu la dawa, nguvu yake, umbo lake (kidonge, kapsuli, dawa ya maji, sindano), idadi iliyomo kwenye pakiti, mzalishaji, namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), tarehe ya kuisha muda, kituo au duka, tarehe ya kuonekana bei, bei yenyewe, na bei hiyo ni ya kiasi gani. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Mkusanyaji asigawanye chochote kichwani. Aandike alichokiona: "kapsuli 10, shilingi 1,000". Mashine ndiyo itatoa 100 kwa kapsuli. Akianza kupiga hesabu mwenyewe kwenye simu, jua kali, wateja wanasukumana nyuma yake, atakosea, na kosa lake halitaacha alama ya kulifuatilia. Amoxicillin inanunuliwa kwa jumla kwenye kopo la kapsuli 1,000, inauzwa kwa blista ya 10, na wenye uwezo mdogo wanaomba nusu dozi. Bei tatu, kapsuli ileile. Zote ni za kweli, lakini haziwezi kukaa safu moja bila kueleza kila moja ni ya kiasi gani.

Baada ya mstari inakuja kamusi ya dawa, na hapa ndipo ningeweka muda mwingi zaidi wa mradi mzima. Tanzania ina orodha kadhaa, kila moja ikiwa na kazi yake: TMDA inasajili bidhaa, Bohari ya Dawa (MSD) ina katalogi yenye bei zake, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya una orodha ya bei unazolipa watoa huduma, na Wizara ya Afya ina Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Dawa moja inaweza kuandikwa kwa namna nne. Ukiziunganisha kwa majina, utalia. Ziunganishwe kwa msimbo. Msimbo wa ATC unaotunzwa chini ya Shirika la Afya Duniani unatambulisha kiambato (amoxicillin ni J01CA04, metformin ni A10BA02), kisha wewe unaongeza nguvu, umbo na pakiti ili kupata bidhaa kamili. Msimbopau wa boksi unasaidia pale ulipo, ila usiutegemee peke yake, maana kopo likishafunguliwa na dawa zikahesabiwa kwenye bahasha ndogo, msimbopau umebaki kwenye kopo.

Kamusi iwe pia na majina ya mtaani. Watu hawaulizi co-trimoxazole, wanauliza Septrin, hata kama watakachopewa kimetengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Vivyo hivyo Panadol na Flagyl. Fomu isipoyatambua majina haya, mkusanyaji ataandika bei ya nakala chini ya jina la kampuni iliyoitoa dawa kwanza, na tofauti kati ya dawa ya kampuni hiyo na nakala yake, ambayo ni kati ya mambo makubwa tunayotaka kuyaona, itapotea.

Orodha ya kufuatilia iwe fupi. Mbinu ya Shirika la Afya Duniani na Health Action International, iliyotoka mwaka 2003 na kuboreshwa mwaka 2008, inapendekeza dawa 50: 14 za kulinganisha dunia nzima, 16 za ukanda na 20 ambazo nchi inachagua yenyewe. Kwa utafiti wa mara moja hiyo ni sawa. Kwa ufuatiliaji wa kila mwezi ningeanza na 25 hadi 30, kwa sababu dawa 30 zilizoandikwa vizuri mwezi hadi mwezi zina faida kuliko 200 zinazoandikwa mara moja kwa mwaka. Kwa mikoa yetu ya Kigoma na Tabora nisingeacha dawa mseto, artesunate ya sindano, amoxicillin ya watoto ya kuyeyusha, ORS na zinki, oxytocin, amlodipine, metformin, insulini na salbutamol ya kuvuta.

Vituo vichaguliwe kwa makusudi. Kishawishi ni kuchukua famasi za Kigoma Ujiji na Tabora manispaa, kwa sababu barabara ni ya lami na mtandao upo, halafu kuuita huo mkoa. Bei anayokutana nayo mama wa Ulyankulu au wa Kalya, mbali na miji hiyo, haimo. Mbinu niliyoitaja inataka maeneo sita, na katika kila eneo angalau vituo vitano vya umma na vitano vya binafsi. Daftari la kuchagulia maduka lipo: Baraza la Famasi linasajili famasi na maduka ya dawa muhimu. Tumia daftari hilo, chagua kwa bahati nasibu, na weka akiba ya duka la pili kwa kila lililochaguliwa, maana utakuta lingine limefungwa au limehama.

Upatikanaji wa dawa ni mtego mwingine. Simvastatin ikikosekana kwenye duka la dawa muhimu, hilo si upungufu, kwa kuwa duka la daraja hilo halina ruhusa ya kuiuza. Orodha ya Taifa nayo inapanga dawa kwa ngazi, A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya na kuendelea. Kila dawa kwenye kanzidata ibebe ngazi yake, na asilimia ya upatikanaji ihesabiwe tu kati ya vituo vinavyotakiwa kuwa nayo. Bila hivyo zahanati za Sikonge zitaonekana mbovu kwa kukosa vitu ambavyo hazikupaswa kuwa navyo.

Na sifuri si sawa na pengo. Kwenye vituo vya umma kuna msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mgonjwa wa msamaha amelipa 0. Dawa isiyokuwepo haina bei kabisa. Fomu iwe na sehemu mbili, bei iliyobandikwa na bei iliyolipwa, pamoja na swali la lazima kabla yake: ipo au haipo? Jibu likiwa "haipo", sehemu ya bei ijifunge yenyewe.

Sasa hesabu. Chukua bei tano za kapsuli moja kutoka maduka matano: 100, 100, 120, 150 na 1,000. Hiyo 1,000 ni bei ya blista iliyoandikwa kama bei ya kapsuli. Wastani unatoka 294, bei ambayo hakuna duka hata moja linauza. Bei ya kati, ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni 120. Tumia bei ya kati daima. Juu ya hapo weka kengele: bei ikizidi mara tatu ya bei ya kati ya mwezi uliopita, au ikiwa chini ya theluthi yake, simu imuulize mkusanyaji athibitishe na apige picha ya pakiti. Isiifute. Kuna siku bei ya ajabu ndiyo habari yenyewe, au ni dawa inayokaribia kuisha muda imeshushwa bei. Hapo tarehe ya kuisha muda itaeleza.

Bei rejea, yaani ile ya kulinganishia nyingine, nayo inahitaji uamuzi. Tafiti nyingi zililinganisha na mwongozo wa kimataifa wa Management Sciences for Health, lakini toleo lake la mwisho ni la mwaka 2015. Ningetumia katalogi ya MSD kama rejea ya ndani, kwa shilingi, bila kuhangaika na viwango vya dola. Kisha weka kipimo ambacho mwananchi anakielewa: dozi nzima ni mshahara wa siku ngapi wa mtumishi wa serikali wa kima cha chini? Kwa ugonjwa wa muda mfupi chukua dozi kamili, kapsuli 21 za amoxicillin ya miligramu 500, tatu kwa siku, siku saba. Kwa presha na kisukari chukua siku 30.

Kwa mikoa yetu ningeongeza bei ya jumla na nauli ya mzigo. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama 400. Bila kujua duka limenunua kwa bei gani na kusafirisha kwa shilingi ngapi, mwenye duka la Uvinza ataonekana mlanguzi hata pale faida yake ni ndogo kuliko ya mwenzake wa mjini.

Hilo linatufikisha kwa anayeuliza. Asiwe mkaguzi. Mtoa dawa akihisi umekuja kukagua leseni, atataja bei nyingine au atasema dawa imekwisha. Mkusanyaji awe na barua inayosema wazi kwamba jina la duka halitachapishwa, na ahadi hiyo itimizwe: matokeo yatolewe kwa ngazi ya halmashauri, na pale tu yanapopatikana maduka yasiyopungua matano. Majina ya wagonjwa na vyeti vyao visikusanywe kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo.

Vifaa si vya gharama. Simu ya kawaida yenye KoboToolbox au ODK (programu za kujazia fomu) inatosha, fomu inajazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Ila vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mkoa wa Kigoma, vinafikiwa kwa boti, na taarifa inaweza kufika wiki mbili baada ya kuandikwa. Kwa hiyo kila mstari uwe na tarehe mbili, ya kuonekana bei na ya kupokelewa, na hesabu ya mwezi ifuate ile ya kwanza. Mwezi ufungwe siku 21 baada ya kuisha. Kinachochelewa zaidi ya hapo kiingie kwa masahihisho yenye namba ya toleo, ili aliyesoma bei za Buhingu mwezi Machi ajue ni kwa nini mwezi Mei anasoma nyingine.