Damu ipo, chuma hakuna: miguu yangu ilivyokuja kutulia

Mchana sina shida. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nashinda nikikanyaga pedeli na miguu iko salama salimini. Balaa huanza baada ya isha, nikishajinyoosha.

Si maumivu, ndiyo maana kumweleza mtu ni kazi. Ndani ya mashavu ya miguu, mahali usipoweza kujikuna, kuna kitu kinavuta na kutambaa mpaka uusogeze mguu. Ukiusogeza kinaacha, ukitulia kinarudi. Ilifikia saa nane za usiku nazunguka ukumbini, na Baba Salma naye halali, akisema afadhali nizunguke kuliko mateke.

Ushauri wa mtaani haukukosekana. Jirani alisema baridi yabisi, nichuliwe. Kuchuliwa kulinipa nafuu, sikatai, ila ya kitambo kidogo. Mama mkwe alisema ni jini. Muuza dawa mmoja akanipa vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi: "Dada, hivi utalala fofofo." Usiku ule miguu ndiyo ikachachamaa. Kumbe dawa za mzio za aina ya zamani, kama klorofenilamini, huchochea hali hii, na ndivyo ilivyo kwa metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za sonona.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa makamo ambaye hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza tu: unapata hamu ya kusogeza miguu? Inakuja ukitulia? Inapungua ukitembea? Inazidi usiku? Yote ndiyo. Akasema huu ni ugonjwa wa miguu isiyotulia (kwa Kiingereza restless legs syndrome), hutambulika kwa maelezo ya mgonjwa, na kwamba daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, aliuandika kwa kina mwaka 1945. Mama mkwe alipopata habari hizo akasema basi hilo jini limefika mpaka Ulaya.

Kisha akaniuliza kuhusu hedhi. Nikamjibu ni nzito, nimeshazoea.

"Mama, hapo ndipo tuanzie."

Nilimwambia damu nimepima majuzi, 12.3, nimeambiwa iko sawa. Akanieleza kwamba damu inaweza kuwa sawa huku ghala la madini ya chuma likiwa karibu tupu, na ubongo ukikosa chuma ndipo miguu inapokosa utulivu. Ghala hilo hupimwa kwa feritini. Maabara ya jirani hawakuwa na kipimo hicho, sampuli ikapelekwa kwingine, na bei yake inauma. Alinionya nisipime nikiwa na homa, kwa sababu mwili ukipambana na maradhi feritini hupanda na jibu linadanganya.

Jibu lilikuja 16, na pembeni karatasi imeandikwa "kawaida". Ningekuwa peke yangu ningekunja karatasi nikaenda zangu. Daktari akasema kwa mtu mzima mwenye miguu hii, tiba ya chuma hufikiriwa feritini ikiwa 75 au chini. Kwa hiyo "kawaida" ya maabara haikuwa kawaida yangu mimi.

Nikaandikiwa vidonge vya chuma, nameza siku moja naruka siku moja, maana hivyo utumbo hukinyonya vizuri zaidi. Navimeza na juisi ya chungwa, na kwa machungwa sisi wa jirani na Muheza hatuna cha kulalamika. Vita vilikuwa kwenye chai. Chai karibu na kidonge huzuia chuma kisiingie, na kahawa ya jioni huwazidishia wengine miguu. Barazani nikabaki na kashata, kikombe nakiangalia tu. Choo kilikuwa cheusi, kikafunga pia, papai likanisaidia. Wengine tumbo hukataa kabisa vidonge, hao huwekewa chuma kwa dripu hospitali. Hedhi nayo ilitibiwa kivyake, kwani huwezi kujaza mtungi unaovuja.

Nafuu haikuja upesi. Wiki za mwanzo hakuna kitu. Nikawa naoga maji ya moto, nanyoosha miguu ukutani, na usiku ukinishinda naweka vifungo kwenye nguo za wateja. Akili ikishughulika, miguu inapoa. Miezi ilivyosonga, usiku wa kuzunguka ukapungua, na feritini ikapanda.

Daktari alishanitajia hatua inayofuata, gabapentini au pregabalini, ambazo huleta kizunguzungu na usingizi mzito. Sikuzihitaji. Binamu yangu aliyeko Dar mwenye ugonjwa huu alianzishiwa pramipeksoli, dawa ya kundi linaloiga kemikali ya ubongo iitwayo dopamini; mwanzoni aliisifu sana, baadaye hali ikaanza kumjia tangu alasiri na kupanda mpaka mikononi. Ni tabia inayojulikana ya dawa za kundi hilo zikitumiwa muda mrefu, na mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri zisiwe dawa za kuanzia. Anapunguziwa kidogo kidogo na daktari wake, kwa sababu kuziacha ghafla ni hatari.

Sasa mdogo wangu wa Korogwe, mjamzito wa miezi minane, naye haoni usingizi. Ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo, na mimba ikikua huzidi, ingawa kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Alitaka nimtumie vidonge vyangu. Nikamkatalia, nikamwambia aulizie feritini kliniki. Vidonge vya damu vya kliniki anavyo. Nilipomuuliza anavimezaje, akasema na chai ya maziwa.